Tano Juu ya Tano: Miaka Yangu Kwenye Foni

Vijana wa benchi la karakana, mmeniomba niandike, basi naandika. Siku ya kustaafu kwangu mlinipa keki, mkanipa na saa kubwa ya ukutani, mimi ambaye sina tena pa kuwahi. Halafu Brenda, binti wa Kikenya aliyerithi kiti changu, akanishika mkono mlangoni na kusema, "Mama Foni, usituache hivyo. Tuandikie hata kama ni kidogo." Mimi si mtu wa kalamu. Kazi yangu yote nimeifanya kwa kubonyeza kitufe na kuongea, au kwa kufungua redio zilizokufa ili wengine nao wabonyeze na kuongea. Mkikuta Kiswahili changu kina Kongo ndani yake, msidhani kimeharibika. Ndivyo kilivyotoka kiwandani.

Habari za mishahara na vyeo sitaziandika. Hizo mnazijua na mnazilalamikia kila siku wakati wa chakula.

Foni ndiyo iliyonipa jina. Kwetu Kivu ya Kusini, kabla ya simu za mkononi kufika milimani, hospitali ya misheni ilikuwa na foni, yaani redio ya mawimbi mafupi juu ya meza, kipaza sauti cha kushika mkononi, waya mrefu uliofungwa kati ya mikaratusi miwili, na chini ya meza batri ya gari iliyolishwa na bamba la sola. Kwa kifaa hicho tuliongea na Bukavu, na Uvira, na zahanati za nyuma ya milima ambazo kwa mguu ungezifikia umechoka hoi. Mwendeshaji wetu alipohama, daktari aliniita mimi, niliyekuwa nasafisha wodi, akaniuliza kama ninaweza kuongea kwa sauti ya wazi. Nikamwambia watoto wangu hunisikia wakiwa ng'ambo ya mto. Akanikalisha kwenye kiti siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza nilibonyeza na kusema kwa pamoja, kama mtu anayegombana. Kutoka Bukavu ikaja sauti nzito isiyo na haraka, ikaniambia kwamba nusu ya jina langu imebaki mlimani. Huyo alikuwa Papa Zakaria, aliyeongoza vakasyo yetu, yaani saa ya kukutana hewani kila asubuhi, ambapo vituo vyote viliitwa kimoja baada ya kingine. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na sikuwahi kumwona uso. Kwa miaka yote ya Kongo nilimjua kwa sauti tu, na nilimheshimu kuliko watu wengi niliowajua kwa sura.

Alinifundisha hivi. Bonyeza kitufe, vuta pumzi, ndipo useme, la sivyo neno la kwanza litaliwa. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mdomo na kipaza sauti. Salimia kwanza, uulize watu wameamkaje, maana katika sauti ya mtu utasikia mambo asiyoyasema. Ukipewa ujumbe, urudie neno kwa neno, kisha utoe alama. Alama ya kwanza ni ya maneno, kama yameeleweka, na ya pili ni ya nguvu ya sauti. Kwetu kila moja iliishia tano. Tano juu ya tano maana yake umesikika safi kabisa, hakuna cha kuongeza. Na ukimaliza kazi, sema "nafunga", ungoje kidogo kama kuna mtu amebaki na neno, ndipo uzime.

"Ukizima bila kufunga," aliniambia, "kuna mtu atakaa anakuita."

Shida yangu kubwa ilikuwa batri. Ile batri ilikuwa imezeeka kabla mimi sijafika. Asubuhi za mawingu niliibeba nje nikaisogeza kufuata jua, kama mama anayeota jua na mtoto. Niliomba nyingine kila vakasyo. Niliomba kwa adabu, nikaomba kwa ukali, nikaomba kwa kuimba. Vituo vingine vikawa vinacheka, kabla sijafungua mdomo mtu anasema, "Haya, batri ya Mama Foni." Papa Zakaria hakucheka. Alijibu tu kwamba amesikia, na kwamba kamio, lori letu la dawa na vifaa, hupanda mlima kila siku ya ine, yaani Alhamisi, na siku batri ikipatikana itapanda nayo.

Asubuhi moja, baada ya vituo vyote kumaliza, aliniita tena. Akasema, "Mama Foni, niko na ujumbe wako. Si wa hospitali, ni wako wewe mwenyewe. Uko tayari?"

Nikabonyeza kumwambia niko tayari. Taa ya redio ikafifia, ikazimika. Batri ilikuwa imekata roho. Niliipeleka juani nikisema jioni nitamwita. Mchana wake tukasikia risasi upande wa barabara, na kabla ya jioni nilikuwa njiani na watoto wangu na kifurushi kimoja. Foni ilibaki juu ya meza.

Hapa nitasema wazi, maana jambo hili ndilo lililonisukuma kuandika kuliko keki yenu. Kuna wenzangu wa hospitali waliosita kuondoka siku ile, na baadhi yao sikuwaona tena. Miaka yote ya kambi ya wakimbizi, na miaka mingi ya hapa Texas, nilikuwa najiuliza Papa Zakaria alitaka kuniambia nini. Kwa nini ujumbe ule ulikuwa wangu mwenyewe? Kama alikuwa ananionya, basi onyo lilifika mezani kwangu na mimi sikulisikia, na kwa hiyo sikumwambia mtu. Lilikuwa linanijia wakati wowote, ninaosha vyombo, niko kwenye foleni ya benki, liko hapo.

Texas nilianzia Mesquite, kwenye ghala la viatu, nikifunga maboksi pamoja na Wakongo wenzangu. Msimamizi wetu alikuwa na redio ya mkononi iliyokoroma, na kila akiongea alikuwa akiipiga pajani. Nikamwomba aniazime wakati wa mapumziko, nikaisafisha miguu ya batri kwa kifutio cha penseli, ikanyamaza kukoroma. Akashangaa, kisha akaniambia shemeji yake ana karakana huko Euless, karibu na uwanja wa ndege, wanatengeneza redio za wapakia mizigo. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye benchi mnalolijua, lenye lile kovu la moto upande wa kushoto. Lile kovu si langu, nililikuta.

Redio za uwanja wa ndege hufa kwa sababu zilezile. Jasho huingia kwenye vitufe. Antena hukatika kwa ndani kwa sababu watu huzibeba redio kwa kuzishika antena, kama sungura na masikio yake. Betri huachwa kwenye dashibodi ya gari mwezi wa nane, halafu mtu anakuja kulalamika kwamba haikai na chaji. Msibishane naye. Mpeni nyingine, na mwambieni aiweke kivulini.

Kesi niliyoipenda ni ya redio iliyoletwa mara kwa mara na kikaratasi kilichosema inajisemea. Kila nikiipima, nzima. Nikauliza anayeibeba ni nani, wakaniambia ni Mkongo fulani wa kupakia mizigo, mtu mpole sana. Nikampigia. Kumbe alikuwa akiiweka mfukoni pamoja na chupa yake ya soda, soda ikavuja chini ya kitufe, na joto likipanda kitufe kinanata na kubaki kimebonyezwa. Naye ni mtu wa kwaya. Idara nzima ilikuwa inasikiliza tenzi kuanzia mchana hadi mwisho wa zamu, tena sauti ya pili peke yake. Nilisafisha kitufe kwa spiriti. Wiki iliyofuata wenzake wakapiga kuuliza kama ninaweza kukirudisha kilivyokuwa.

Klabu ya redio niliijua kupitia Dale, Mtexas mstaafu aliyefanya kazi ya nyaya za simu maisha yake yote, aliyekuja karakana kutafuta kiunganishi cha antena. Aliniambia kuna watu wanaokutana Jumamosi huko Mansfield, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, wanaoongea na dunia nzima kwa mawimbi mafupi bila kulipwa na mtu. Nikamuuliza, bila kulipwa, kwa nini? Akafikiri sana. Akasema njoo uone.

Nilikwenda, nikakuta wazee wenye kofia, kahawa nyepesi, na juu ya meza redio ya mawimbi mafupi. Ilikuwa nzuri kuliko ile yangu, lakini mvumo wake ulikuwa uleule, kama mvua ya mbali. Nilisimama pale nikiusikiliza. Dale akanivutia kiti, akaenda kuniletea kahawa, na wala hakuniuliza kitu. Nilimpenda kwa hilo.

Kuongea hewani huku kunataka leseni, na leseni ina mtihani. Mara ya kwanza nilianguka. Umeme niliujua, lakini Kiingereza cha sheria kilinichinja. Dale akawa ananisomesha kila Jumamosi, naye alikuwa mwalimu mkali. Alinieleza sheria moja moja mpaka niiseme kwa maneno yangu. Nilipopita, mwanangu alinipongeza kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza bila kutafuta maneno.

Sasa sikilizeni kosa langu maarufu. Kwa watu wa klabu alama ya maneno huishia tano kama yetu, ila alama ya sauti hupanda mpaka tisa. Sauti safi kabisa ni tano tisa. Mimi niliijua sheria hiyo, niliijibu kwenye mtihani, lakini mdomo ulishazoea. Mtu akinijia kwa sauti nzuri ya kupendeza, nampa sifa yangu yote: "Five five!" Yeye kule anasikia kwamba sauti yake ni ya kawaida tu, imejitahidi. Kuna mzee wa Oklahoma alipanda mnara wake kukagua nyaya kwa sababu yangu. Klabu nzima ilinitania. Walinitengenezea kikombe kimeandikwa 55, ninacho mpaka leo.

Mwaka juzi tulikuwa na mashindano ya masafa marefu, wikiendi ya kutafuta nchi nyingi iwezekanavyo. Huko hakuna kusalimiana. Unataja kitambulisho, yaani jina la kituo chako hewani, unatoa alama, unaruka kwa mwingine. Jumamosi asubuhi Dale akanipa zamu, na katikati ya kelele nikasikia kituo cha Tanzania. Nikakiita, kikajibu. Nikatoa alama, na mdomo ukafanya yake: five five.

Yule mtu wa Tanzania akaitambua lafudhi yangu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, wewe umewahi kufanya kazi ya foni? Hapa namjua mzee mmoja tu anayetoa tano tano."

Nikamuuliza mzee gani. Akajibu kwamba yeye anaitwa Elisha, ni fundi wa umeme Kigoma, na redio alifundishwa na mzee mmoja wa Bukavu aliyekimbilia huko, Papa Zakaria, wanasali kanisa moja. Nyuma ya sauti yake nchi nyingine zilikuwa zinapiga kelele zipate nafasi. Nikamgeukia Dale machozi yananitoka. Hakuelewa neno hata moja, ila akaashiria kwa mkono niendelee, mashindano yakae. Mwaka ule tulishika nafasi ya aibu, na hakuna aliyenilaumu.

Wiki ileile nilipata namba ya binti yake Papa Zakaria, nikapiga. Nilitarajia tutalia. Mzee akaja kwenye simu akipaza sauti kwa sababu masikio yamepungua, na jambo la kwanza kuniambia ni kwamba nilizima redio bila kufunga. Alisema aliniita mpaka koo likamkauka. Nikamwomba radhi kama mtoto, nikamweleza habari ya batri na risasi. Kisha nikamuuliza swali langu la miaka yote: siku ile ulikuwa na ujumbe gani, Papa?

"Ujumbe wa foni hautolewi kwa simu," akasema. "Tulikatikia hewani, tutamalizia hewani."

Nilimbembeleza. Nikamwambia jambo hili limeninyima raha. Akasema basi nifanye haraka. Mzee huyo!

Elisha akapendekeza njia fupi, amkalishe mzee kwenye redio yake, aongee. Lakini mzee hakuwa na leseni, na sheria ya huku hairuhusu tupokezane ujumbe wa mtu asiye na leseni na nchi ambayo Marekani haina makubaliano nayo ya jambo hilo. Sheria hiyo Dale alinifundisha mpaka nikaiota. Nilimtazama Dale. Alitazama dari, na nikaona kwamba kwa ajili yangu angekubali kutazama dari siku nzima. Nilitamani sana. Lakini aliyenifunza kwanza heshima ya hewani ni yuleyule mzee, na sikutaka kumpokea kwa kuvunja sheria. Nikamwambia Elisha hapana. Elisha akampelekea mzee jibu, na jibu la mzee likarudi kwenye simu kwamba alinifundisha vizuri.

Lakini kufanya mtihani alikataa. Alisema amefundisha nusu ya Kivu kuongea, nani wa kumtahini? Nikampigia, nikamweleza nilivyoanguka mtihani wangu, mtu mzima, mbele ya Watexas, kisha nikaurudia. Akauliza kama maswali yalikuwa magumu. Nikajua amekubali. Elisha akawa anamsomesha baada ya ibada, na binti yake akanipigia kando kunieleza kwamba kifua kinamsumbua na usingizi hapati, ila kitabu hakiachi. Kila simu kutoka Kigoma ilinishtua. Niliogopa ataondoka na ujumbe wangu.

Akapita. Tukapanga vakasyo ya Jumamosi, asubuhi kwetu, jioni kwao. Jumamosi ya kwanza hatukusikiana kabisa. Mawimbi haya hupanda juu angani na kurudi chini mbali, na mwenye njia ni jua. Siku likinuna hupati mtu. Jumamosi iliyofuata nilisikia pumzi tu, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Dale akabadilisha waya wote wa antena kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa.

Jumamosi ya tatu nilipoingia chumbani nilikuta wanachama wamejaa, hata wale ambao huja siku ya nyama choma tu. Nikakaa. Elisha akaita kwanza, tukataja vitambulisho vyetu kama inavyotakiwa, kisha ikaja ile sauti. Imezeeka, imepungua kidogo chini, lakini haraka bado haina.

"Mama Foni, Mama Foni. Kwenu mumeamka?"

"Tumeamka, Papa. Na kwenu?"

Aliwauliza watoto wangu mmoja mmoja kwa jina, na mimi nikamjibu mmoja mmoja. Hakuna aliyenong'ona kwamba tunapoteza muda. Halafu akakohoa, akangoja, akasema maneno yaleyale, hakubadilisha hata moja.

"Mama Foni, niko na ujumbe wako. Si wa hospitali, ni wako wewe mwenyewe. Uko tayari?"

Niliitazama kwanza taa ya redio. Ilikuwa inawaka vizuri. Nikabonyeza, nikavuta pumzi.

"Niko tayari, Papa. Leta."

"Ile batri uliyoomba ilipatikana. Ni mpya. Itapanda kamio ya siku ya ine. Tuma mtu aipokee. Rudia."

Nilikaa na kipaza sauti mkononi. Batri. Halikuwa onyo. Hapakuwa na mtu niliyepaswa kumwambia kitu nikakosa kumwambia. Ilikuwa batri yangu tu, ile niliyoiimbia, na ile nyingine mbovu ilikuwa imekufa dakika moja kabla ya kusikia kwamba imepata mrithi. Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio, nikaviacha vyote viwili vitoke. Dale alisogea akauliza kwa sauti ya chini kama ni habari mbaya. Nikamwambia batri yangu iko njiani. Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena, akasema imechelewa kidogo.

Nikabonyeza.

"Batri mpya imepatikana. Itapanda kamio ya siku ya ine. Nitume mtu aipokee. Nimekupata tano juu ya tano, Papa."

"Vizuri," akasema. "Siku ile nilifikiri umezima kwa hasira ya batri. Kesho yake nikasikia habari za vita kwenu. Nikatamani sana ingekuwa hasira tu."

Tuliongea kidogo habari za mvua za Kigoma na joto la Texas, mpaka sauti yake ikaanza kuzama na kuibuka, tukajua jua linafunga njia. Akaniambia nimeifanya kazi vizuri. Kisha akafunga yeye kwanza, kama alivyofunga kila asubuhi, akaniachia nafasi yangu.

"Mama Foni, hospitali ya mlimani," nikasema, "nafunga."

Nikaachia kitufe, nikangoja kidogo kama kuna mtu amebaki na neno. Hakukuwa na mtu. Nikazima.